Re: Viwanja chakavu vina raha gani kuliko vipya?

Mkuu umeuliza watu wanapendea nini viwanja chakavu vya mpira wakati vipya vina viti safi na skrini kubwa. Ishu ni ukaribu. Pale Goodison Park, uwanja wa Everton ya England, kabla timu yao ya wanaume haijahama 2025, majukwaa yalikuwa yamebanana na mstari, ukikaa mbele unasikia beki anavyofokeana na kipa wake na ule mlio wa kiatu kikigonga mpira, sasa waulize West Ham walioacha Upton Park 2016 wakaenda uwanja wa Olimpiki wa London, njia ya riadha imekula nafasi, shabiki wa nyuma ya goli anaangalia mechi kama yuko mtaa wa pili.

Ila tusidanganyane, uchakavu nao unaua. Uwanja wa Bradford City, England, mwaka 1985 jukwaa la mbao lilishika moto mechi ikiendelea wakafa watu 56, takataka zilishajaa chini ya viti miaka na miaka na mageti ya nyuma mengine yamefungwa. Kwa hiyo mimi cha zamani nakikubali kama milango ya kutokea iko wazi, nguzo ya paa ikinikinga nisione kona moja potelea mbali. Vyoo vyake sasa, hapo sina utetezi 😂