MGB inayosita unapokanyaga mafuta

Swali: Gari langu, MGB ya mwaka 1967, hunguruma vizuri likiwa limesimama, lakini nikikanyaga mafuta ghafla husita kwanza ndipo lichomoke. Je, ninunue kabureta mpya?

Jibu: Usiharakishe, ndugu msomaji. Ndani ya kabureta za gari lako, za chapa ya SU, ambazo huchanganya hewa na petroli, mna pistoni ambayo kupanda kwake hutulizwa na oili kidogo iliyo katika mrija wa juu. Oili hiyo ikiisha, pistoni huruka upesi mno, hewa huzidi petroli, na injini hukosa nguvu kwa kitambo. Fungua kifuniko cha juu chenye kijiti, kisha kirudishe taratibu: usipohisi ukinzani wowote, ongeza oili ya injini yenye kipimo cha uzito cha SAE 20. Afadhali hofu yako uielekeze kwenye kutu chini ya milango, kwani kuchomelea huko ndiko hugharimu.