Wasomaji Wanauliza: Mchaichai, Udi na Usingizi Uliohama

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, nauza vitenge na madera hapa Ngamiani. Tangu nilipochukua mkopo wa pili, ule wa marejesho ya kila wiki, usingizi umenihama. Nalala saa nne, lakini ikifika saa nane usiku nimeshashtuka, moyo unakwenda mbio na hesabu zinajipanga kichwani. Mchana sina hamu ya kula. Nashindia chai ya rangi mpaka saa tisa au saa kumi, na jioni, kabla ya kufunga duka, nakunywa finjani tatu nne za kahawa ili nipate nguvu ya kupiga hesabu. Presha nimepimwa, iko sawa, na dawa pekee ninayotumia ni vidonge vya uzazi wa mpango. Mama mkwe ananihimiza ninywe mchaichai na kukuna kungumanga nzima kwenye uji wa usiku. Je, vitu hivi vinasaidia kweli au najifariji tu?
Mama wa Watatu, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa marejesho. Mama mkwe wako anakutakia mema, na katika mambo hayo mawili moja nitakuruhusu na jingine nitakukataza. Lakini kabla ya kuongeza kitu chochote tumboni, naomba tuangalie kile unachokinywa tayari, kwa kuwa barua yako imejijibu yenyewe kwa zaidi ya nusu.

Kafeini ya kahawa huzuia ile kemikali ya ubongo inayojikusanya mchana kutwa na kutuletea usingizi. Kwa mtu mzima wa kawaida, mwili huchukua takriban saa tano kuiondoa nusu ya kafeini aliyoinywa. Kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, muda huo huweza kufika karibu mara mbili, kwa sababu homoni zilizomo huipunguzia ini kasi ya kuivunja. Sasa piga hesabu hii kama unavyopiga za duka: kahawa uliyoinywa saa kumi na mbili jioni inaweza kuwa imebaki nusu nzima mpaka saa kumi alfajiri, na wewe unashtuka saa nane. Hofu ya deni ni ya kweli, sikatai, ila inapokuamsha inamkuta mlinzi hajalala. Usiache kwa mkupuo, maana kichwa kitakuuma siku mbili tatu na utarudi kwa muuza kahawa ukiwa na hasira zaidi. Punguza finjani moja kila baada ya siku chache, na ya mwisho iwe kabla ya adhuhuri. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa ni kidogo kuliko kahawa, kwa hiyo isihamie jioni kuchukua nafasi iliyoachwa wazi.

La pili ni njaa. Mtu anayeshindia chai yenye sukari hupandisha sukari ya damu kwa haraka, kisha ikaporomoka, na mwili ukiiona inashuka humwaga adrenalini ili kuirudisha. Adrenalini hiyo ndiyo inayotetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio, hata pale ambapo hakuna mtu aliyekuja kudai. Wewe unadhani ni mawazo, kumbe ni tumbo. Kula asubuhi kabla hujafungua duka, hata kama hamu haipo: mihogo ya kuchemsha na maharage, au kiazi kitamu na yai, kwa kuwa vyakula vya namna hiyo huachia sukari polepole. Mchana tafuta dagaa au vibua na mchicha, vitu ambavyo katika mji huu wala havihitaji mfuko mnene. Weka dukani kopo la mbegu za maboga zilizokaangwa bila chumvi nyingi. Kiganja kimoja, yaani gramu 28 hivi, kina karibu miligramu 150 za magnesi, ambazo ni kama nusu ya mahitaji ya mwanamke kwa siku, na magnesi ni madini ambayo mishipa ya fahamu inayategemea ili itulie. Chungwa la Muheza ulile zima badala ya kulikamua, nyuzinyuzi zake zisipotee.

Mchaichai nakuruhusu, tena kwa furaha, lakini nisikudanganye. Watafiti wa Brazil walipowapa watu chai yake miaka ya 1980, hawakuona ikiwaletea usingizi wala kuwapunguzia wasiwasi kuliko chai ya kulinganishia isiyo na mchaichai. Mwaka 2015, hukohuko Brazil, watu walionusishwa mafuta ya mchaichai kabla ya kupewa jaribio la kuwatia wasiwasi walitulia kidogo kuliko wengine, ingawa kwa muda mfupi. Naona jambo hilo lina mantiki, kwa kuwa mishipa ya harufu inatoka puani na kuingia karibu moja kwa moja katika sehemu ya ubongo inayoshughulika na hisia na kumbukumbu. Basi majani yako yapondeponde kwanza kwa mchi, yatie katika maji yaliyochemka, funika dakika kumi, kisha fungua na uinamie kikombe kabla ya kunywa, ukivuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Huenda nusu ya faida ni ya pumzi hizo. Asmini au rehani karibu na mto wa kulalia huenda ikafanya kazi hiyohiyo. Bibi zetu waliofunga kikuba, kile kishada cha maua na majani yanukiayo, jioni hawakuwa wakijipamba tu.

Kungumanga nzima, hapana. Kukwangua kidogo kwa ajili ya ladha ni sawa, lakini kungumanga moja ina uzito wa gramu tano au zaidi, na kiasi hicho kinatosha kumtia mtu sumu: saa chache baadaye mdomo hukauka, tumbo huchafuka, moyo hukimbia na akili huchanganyikiwa, yaani yaleyale unayoyakimbia.

Ikiwa baada ya wiki mbili tatu za mabadiliko haya moyo bado unakwenda mbio, au umeanza kupungua uzito, au kutamani usiwepo, nenda Hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta dalili kama zako, na hakuna mchaichai unaoviponya. Ama mkopo wenyewe, mimi si mtu wa benki, ila kuomba ratiba ya marejesho ipangwe upya nakuhesabia kuwa tiba.

SWALI: Mke wangu hufukiza udi na ubani chumbani kila usiku, anasema unamwondolea uchovu wa siku. Mimi naipenda harufu, lakini mtoto wetu wa miaka minne ana pumu na tunalala naye. Nifanyeje bila kumuudhi?
Baba Mwangalifu, Chumbageni

JIBU: Moshi ni moshi, hata ukinukia, na kwa mtoto mwenye pumu unabana kifua. Makaa ya chetezo, kwenye chumba kilichofungwa, hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu wazima wakiwa usingizini. Afukize alasiri, madirisha yakiwa wazi, nguo na mashuka yakiwa yametandazwa juu ya tenga la kufukizia, kisha chetezo kitolewe nje ya nyumba. Usiku atalala ndani ya harufu bila moshi, na wewe hutakuwa umemnyima kitu.

SWALI: Nimeuziwa kichupa cha mafuta ya mkaratusi, nikaambiwa ninywe matone matano asubuhi ili mawazo ya mitihani yaishe. Ni salama?
Mwanafunzi, Pangani

JIBU: Usinywe. Mafuta hayo yametolewa kwenye majani kwa mvuke yakawa makali mno, na kwa mtoto hata kijiko kimoja cha chai kinaweza kuleta degedege. Kama unapenda harufu yake, dondosha tone moja kwenye leso uinuse, kisha kichupa ukiweke mahali ambapo wadogo zako hawafiki. Na aliyekuuzia muulize kama dawa yake imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.