Maswali ya lenzi: ukungu wa f/1.4 hautakuokoa

Barua za lenzi zimejaa tena, na karibu zote zinataka lenzi ya kupigia picha za mnato na video kwa pamoja. Ambao hamkutaja kamera mnayotumia wala mnachopiga, barua zenu nimeziweka kando. Sipigi ramli.

Lenzi ipi ni bora kwa picha na video?

Hii ndiyo barua niliyokuwa nikiisema. Rudi na jina la kamera.

Napiga harusi, picha na video. Nina pesa ya lenzi moja tu: 85mm f/1.4 au zumu ya 24-70mm f/2.8?

Zumu, na najua hukutaka kusikia hivyo. Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ni kweli f/1.4 inaingiza mwanga mara nne ya f/2.8, na kwenye ukumbi wenye giza hilo si jambo dogo. Lakini mweke bibi harusi mita mbili mbele ya hiyo 85mm, tundu wazi kabisa, kwenye kamera ya fremu kamili (kihisi chake kina ukubwa wa fremu ya filamu ya kawaida): sehemu iliyo kali haifiki hata sentimita tano. Jicho limekaa, sikio limeshapotea. Kwenye picha za mnato unapiga kumi na kuchagua moja. Video haikupi nafasi hiyo. Anainama kutia saini, anazama kwenye ukungu, anaibuka, anazama tena, na kila mtazamaji anaiona kamera ikimtafuta kama mtu aliyeangusha funguo gizani. Mwishowe utabana hadi f/2.8, tundu lile lile ambalo zumu ingekupa, na kwa kuwa 85mm haizumu, bado utakuwa umesimama mgongo ukutani ukitafuta namna ya kuwaingiza wazazi wote kwenye fremu. Lenzi ya pili, ukijaliwa, ndiyo iwe 85mm.

Je, f/1.2 itafanya kazi yangu ionekane ya kitaalamu?

Itafanya begi lako liwe zito.

Zumu iliyokuja na kamera, 18-55mm f/3.5-5.6, nitupe?

Usitupe. Ni nyepesi, nyingi zina kizuia mtikisiko, na za miaka ya karibuni mota zake hazipigi kelele za kuingia kwenye maiki. Tatizo lake ni pale unapovuta kutoka 18 hadi 55 huku unarekodi. Tundu linajibana lenyewe, unapoteza zaidi ya stopu moja (kila stopu ni nusu ya mwanga), na picha inafifia machoni pa mtazamaji. Au kamera inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, kufidia na chengachenga zinaanza kucheza. Weka f/5.6 tangu mwanzo, au acha kuvuta ukiwa unarekodi. Una miguu.

Nikibadilisha fokasi, picha inavutika kidogo kama nimezumu. Lenzi imekufa?

Haijafa, inapumua tu. Ndivyo mafundi wanavyoita. Kwenye picha za mnato hakuna anayeliona hilo, ndiyo maana lenzi nyingi nzuri za picha zinapumua vibaya mno. Baadhi ya kamera mpya hulirekebisha kwa kukata kingo kidogo. Bora ulipime kabla hujalipa: kamera mezani, anza kurekodi, lenga kitu kilicho karibu, kisha ukuta wa mbali, rudia. Tazama kingo za fremu, halafu sikiliza sauti. Utasikia na mota hapo hapo.

Nje mchana video yangu inaungua kwa mwanga. Nikiongeza kasi ya shata, watu wanatembea kama roboti. Ninunue lenzi gani?

Hakuna lenzi hapo. Unahitaji filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga kinachofungwa mbele ya lenzi, na hili nimelijibu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata ni 1/50, na haiguswi. Jua kali kwa ISO 100 na shata hiyo linataka takriban f/22. Wewe unataka f/2.8. Kati yao ni stopu sita, yaani mwanga mara 64, ambao kupunguzwa kwake ni kazi ya ND64. Kubana hadi f/22 si dawa, kwani hapo lenzi yoyote inapoteza ukali.

Na msinunue filta kwa kipimo cha lenzi ndogo. Mimi nilianza na ya 52mm (hapa ni upana wa mdomo wa lenzi), nikaja 67mm, kisha 77mm. Mbili za kwanza ziko kwenye droo. Nunua ya lenzi yako kubwa kuliko zote, kisha pete za kupandishia kwa hizo ndogo. Mkichukua ile ND ya kuzungusha, inayobadilisha giza lake, msiifikishe mwisho kwenye lenzi pana: itachora msalaba mweusi katikati ya anga.

Kamera ina kizuia mtikisiko ndani. Lenzi nayo iwe nacho?

Kwa 35mm, lenzi pana, hapana; kwa 200mm, ya kuvuta mbali, ndiyo. Wala hakuna kizuia mtikisiko kinachomgandisha mtoto anayekimbia.

Nimerithi lenzi za enzi za filamu. Zinafaa?

Kwa video, sana. Kwenye kamera isiyo na kioo (mirrorless) zinahitaji adapta tu: lenzi ya Nikon F inakaa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, kamera ya Sony E inataka 18, na nafasi inayobaki inajazwa na adapta. Pete yake ya fokasi ina mwanzo na mwisho, kwa hiyo unaweza kubandika utepe, kuweka alama mbili kwa kalamu na kurudi pale pale kila mara. Jaribu hilo kwenye lenzi nyingi za kisasa, ambazo pete inaituma mota tu: ukizungusha haraka inafika kwingine, polepole kwingine. Otofokasi sahau. Ila kabla ya yote, fungua tundu, mulika tochi kutokea nyuma na uchungulie mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Usiitie kwenye begi moja na zilizo nzima.