Kuwafundisha wanafunzi kusikilizana: jibu kwa mwalimu wa dini wa kidato cha tatu

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na wanafunzi wako katika shule ya jimbo la Kanisa Katoliki, ambao kila mada ikianzishwa kwenye kipindi cha dini hukatizana kauli na kuzomeana, huku wale wapole wakibaki wameinamia madawati. Nimefundisha dini na uraia katika shule za namna hiyo kwa miaka mingi, na ninachoamini ni kwamba usikivu haufundishwi kwa kuhimizwa. Hufundishwa kwa kumpa mwanafunzi kazi ambayo hawezi kuifanya pasipo kusikiliza.

Nasema hivyo kwa sababu watoto wetu wamekwisha kuhubiriwa mno juu ya kunyamaza. Nyumbani wameonywa wasiwakatize wakubwa na shuleni hunyamazishwa kwa kengele na fimbo, kiasi kwamba ikifika zamu ya kumsikiliza mtu wa rika lake, ambaye hamwogopi, mtoto hajui aanzie wapi. Mdahalo nao humzoesha kuvizia udhaifu wa hoja ya mpinzani. Siupingi, kwa kuwa una faida zake, ila somo hili si la kujifunzia huko.

Kanuni inayonisaidia nimeitoa kwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti. Mwanzoni mwa kitabu chake, Mazoezi ya Kiroho, anataka Mkristo mwema awe tayari zaidi kuipokea kauli ya mwenzake kwa maana njema kuliko kuilaani. Asipoweza, amuulize anaielewaje. Na ikiwa mwenzake amekosea, amsahihishe kwa upendo. Angalia kwamba kusahihisha kunakuja baada ya kuuliza. Darasani nimeigeuza kanuni hiyo kuwa sharti moja: hakuna anayejibu hoja kabla hajaieleza upya kwa maneno yake, na mwenye hoja akakubali kwamba ndivyo alivyosema.

Serikali ya Tanzania ilipotangaza mwezi Novemba 2021 kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni, niliipeleka mada hiyo darasani. Kijana mmoja alisema kwamba wakirudi, wenzao wataona jambo lile si zito. Binti aliyefuata akadakia, "Unasema waliozaa ni wachafu." Kijana akakataa: "Sijasema wachafu, nimesema wengine wataiga." Ilibidi binti ajaribu tena, akijizuia waziwazi, mpaka kijana akaitikia kwa kichwa. Ndipo akasema, "Haya, sasa nakujibu. Aliyempa mimba mbona hakuondoka darasani, na hamkuogopa kwamba ataigwa?" Jibu hilo liligusa hoja yenyewe, jambo ambalo lile la kwanza lisingeweza, kwa kuwa lilikuwa likijibu maneno ambayo hayakusemwa. Kijana naye, akiwa amefungwa na sharti lilelile, alilazimika kulieleza swali lile kwa kinywa chake mbele ya darasa zima.

Kwa mada nyeti zaidi natumia mazungumzo katika Roho, njia iliyotumika katika Sinodi, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ya 2021 hadi 2024, ambayo wajumbe wake waliketi kwenye meza za duara katika Ukumbi wa Paulo VI kule Vatikano. Geuza madawati, panga makundi ya watu sita, na mmoja ashike saa. Katika mzunguko wa kwanza kila mmoja anasema lake bila kujibiwa; katika wa pili anataja kilichomgusa katika maneno ya wenzake, wala si kurudia hoja yake; katika wa tatu ndipo wanajadiliana. Katikati ya mizunguko pana dakika moja ya kimya, ambayo kwa kidato cha tatu ni ndefu kama Kwaresima nzima, lakini usiifupishe. Waruhusu waongee Kiswahili hata kama shule yenu inasisitiza Kiingereza, maana anayetafuta msamiati hana nafasi ya kumsikiliza mwingine.

Kama una wanafunzi Waislamu, na shule nyingi za Kanisa wanao, usimgeuze mmoja wao kuwa msemaji wa Uislamu. Muulize yeye anaamini nini na anaishije, kama unavyomuuliza Mkatoliki. Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la 1965 kuhusu dini nyingine, inawataka Wakatoliki wafanye majadiliano na wafuasi wa dini nyingine huku wakiishuhudia imani yao, na mwanafunzi hawezi kuishuhudia kwa mtu aliyemfunga mdomo.

Huenda mzazi au paroko akahofu kwamba unapigia kura mafundisho ya Kanisa. Papa Paulo VI, katika waraka wake Ecclesiam Suam wa 1964, alizitaja sifa nne za majadiliano, nazo ni uwazi, upole, kuaminiana na busara. Uwazi ndio wa kwanza. Kwa hiyo mwisho wa kipindi simama useme bila kigugumizi Kanisa linafundisha nini na kwa nini. Ila sema mwishoni, kwani ukianza na hitimisho watakuimbia unachotaka kusikia.

Kuhusu alama, ambazo pia uliuliza, usimpe mtu kwa ufasaha wake. Mwagize aandike nusu ukurasa akieleza hoja ya mwenzake ambaye hakubaliani naye, kisha mwenye hoja aisome na kutia sahihi kwamba ameelezwa kwa haki. Daftari lisilo na sahihi mrudishie, wakakae tena wawili hao mpaka waelewane ni nini hasa kilichosemwa.