Je, namdhulumu mwanangu nikimwacha ajifunze useremala?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni seremala, nina watoto wanne. Wa kwanza amemaliza kidato cha nne na hakupata alama za kuendelea katika shule ya serikali. Shemeji zangu wananishauri nikope kwa riba nimpeleke shule ya kulipia, wakisema kuwa mtoto ni mtaji na kwamba nisipomsomesha sasa ataishia kushika randa kama mimi. Mwenyewe anataka kujifunza kazi kwangu. Je, nikimwachia nitakuwa nimemdhulumu? Na mafanikio ni nini hasa, maana nikiwasikiliza watu najiona nimekwisha kushindwa?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, suala la mkopo halihitaji maneno mengi. Riba ni haramu kwa Aya ya 275 ya Sura Al-Baqara, na ada ya shule ya kulipia haifiki kiwango cha dharura inayohalalisha haramu, kwa kuwa njia nyingine za kumsomesha kijana zipo. Nimewahi kuingia nyumba ambayo mkopo wa ada ulianza kwa nia njema, ukaishia kwa makochi kubebwa mbele ya mtoto yuleyule aliyekopewa.

Lililonishughulisha zaidi ni neno la shemeji zako, kwamba mtoto ni mtaji. Mtaji huwekwa ili uzae, na usipozaa mwenyewe hulia hasara. Mtoto kwetu ni amana, na mwenye kuwekewa amana ataulizwa ameitunza vipi. Mzazi akishamhesabu mwanawe kuwa mtaji, huipima elimu kwa mshahara peke yake, na huacha kuuliza kama inamfanya kijana kuwa mkweli, kama inamfaa jirani, kama inamkurubisha kwa Mola wake. Mtume (s.a.w.), katika dua aliyoipokea Imam Muslim, alijikinga kwa Allah na elimu isiyonufaisha, na manufaa ni mapana kuliko kipato.

Imam al-Ghazali, ambaye mwaka 1095 aliiacha Nidhamiya ya Baghdad, madrasa ambayo wanazuoni wa zama zake waliipigania, aliandika katika kitabu chake cha Ihya kwamba utabibu, hesabu, ukulima na ufumaji ni katika fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao wakiutimiza baadhi huwaondokea wengine, na akawalaumu wanafunzi waliosongamana kwenye mabishano ya fiqhi kwa tamaa ya vyeo ilhali miji mingine ilikuwa haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Ugonjwa wetu ndio huohuo, ila msongamano umehamia kwenye milango ya ofisi.

Ama hiyo randa wanayoibeza, Sahihi Muslim imepokea kuwa Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala, na Bukhari amepokea kuwa hakuna aliyekula chakula bora kuliko kinachotokana na kazi ya mikono yake. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa akishona kofia huku tukimsomea juzuu; tulijua tumekosea pale sindano iliposimama, kabla hajafungua kinywa.

Hata hivyo, kumwachia kijana kusiwe kumtupa. Seremala asiyejua kukadiria gharama wala kusoma mchoro atabaki kibarua wa wenzake, kwa hiyo ukiweza mwandikishe chuo cha ufundi stadi, na jioni awe nawe karakanani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki mwaka 1947, aliwahimiza Waislamu wa pwani wajifunze elimu za zama pamoja na dini yao, wala hakuona mgongano baina ya hizo mbili. Ikiwa baadaye kijana atataka kurudia mtihani, usimzuie.

Kuhusu kushindwa kwako, mara tano kwa siku mwadhini anakuita kwenye al-falah, yaani mafanikio, na mzizi wa neno hilo ndio uliozaa fallah, mkulima, mtu anayeipasua ardhi na kungojea mvua asiyoimiliki. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa utajiri si wingi wa mali bali ni utajiri wa nafsi. Lakini sipendi hadithi hii igeuzwe blanketi la kuwafunika maskini ili walale, kwani Aya ya 7 ya Sura Al-Hashr imeamrisha mali igawiwe ili isizunguke baina ya matajiri peke yao, na Sayyidna Umar alipopata shamba la Khaybar aliliweka wakfu, asili yake isiuzwe na mazao yake yaende kwa mafakiri, jamaa na wasafiri. Wenye nacho katika mtaa wako wataulizwa juu ya ada ya mwanao kama utakavyoulizwa wewe. Basi nenda kwa imamu wa msikiti wako, umweleze hali yako bila kuona haya, na umuulize kama katika zaka ya mwaka huu lipo fungu la kumlipia kijana chuo na kumnunulia vifaa vyake vya kazi.

Wallahu a'lam.