Tulilipia kuona bahari, tukapewa kuona jenereta

SWALI

Habari ya kazi dada. Mimi na mzee wangu tulitimiza miaka kumi ya ndoa mwezi wa nane, tukasema mwaka huu hatuendi ushago, tunaenda Diani, na tunalala hoteli kubwa ya ufuoni yenye nimekuwa nikiitamani tangu niolewe. Niliweka pesa kwa chama karibu mwaka mzima. Tukalipa 148,000 kwa siku nne, sisi na mapacha wetu, fulbodi (milo yote ndani ya bei), chumba cha kuangalia bahari, kupitia ejenti mmoja wa hapa tao. Safari ya SGR ilikuwa poa, feri pia haikutuchelewesha.

Shida ilianza resepsheni. Tulikaa hapo masaa mawili watoto wakilia njaa, halafu tukaambiwa vyumba vya bahari vimejaa, tukapelekwa nyuma kabisa, ukifungua dirisha unaona jenereta na mitungi ya gesi ya jikoni. AC ilikuwa inadondosha maji kwa kitanda cha watoto, nikapiga simu mara tatu, kila mara naambiwa fundi anakuja, fundi alikuja siku ya tatu. Kwa chakula ndio niliumia zaidi. Weita alituuliza kama sisi ni resident, yaani wale wa bei ya Wakenya, nikasema ndio, akaenda akahudumia meza ya wazungu wenye walitukuta tumekaa, sisi tukangoja karibu saa nzima, kufika kwa bafe samaki ameisha. Na ufuo wenyewe ulikuwa umejaa majani meusi yananuka, watoto wakakataa kuingia majini.

Siku ya kutoka tulipewa fomu ya maoni, mzee akaandika "nzuri" juu hataki kelele. Nikipigia hoteli wanasema ongea na ejenti, ejenti anasema ongea na hoteli. Mzee anasema niachane nayo. Naweza kurudishiwa pesa ama ndio imeenda?

Mama Mapacha, Donholm

JIBU

Mama Mapacha, pole sana. Nilisoma barua yako mara mbili, na mahali pa weita nilisimama kidogo, nitarudi hapo.

Wacha kwanza nitoe kitu kimoja kwa orodha yako. Hayo majani ni mwani. Kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa tisa Pwani unavuma upepo wa kusi, bahari inachafuka na kuutupa mwani ufuoni, hakuna hoteli inaweza kuuzuia, wanaweza tu kufagia asubuhi na kesho yake uko pale tena. Ejenti mwaminifu angekwambia mapema kwamba ukitaka bahari tulivu na mchanga safi ungoje upepo wa kaskazi, mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu hivi. Lakini ukiuweka kwa malalamiko yako watashika hapo hapo na kusahau mengine yote.

Chumba ndio kesi yako. Ulilipia kuangalia bahari, ukapewa jenereta, hiyo si maoni, hiyo ni makubaliano yamevunjwa. Tafuta vocha, ile karatasi ya kuthibitisha chumba, yenye ejenti alikutumia, ujumbe wa M-Pesa, na picha zozote mlipiga mkiwa ndani ya hicho chumba, hata zile za watoto wakiruka kitandani, mradi dirisha linaonekana, picha ya simu inabeba tarehe yake. Hiyo "nzuri" ya mzee isikukoseshe usingizi, neno moja kwa fomu halibadilishi chumba mlicholipia.

Ya kurushwa huku na huku, fuata pesa. Nani aliipokea? Ejenti. Basi ejenti ndiye unamwandikia, na nakala unatumia hoteli, kwa imeili, si simu. Nimefanya kazi ya mapokezi hotelini miaka kadhaa kabla ya kuja kuandika, na nakwambia lalamiko la simu linaisha na zamu ya mwenye alipokea. Kama halikuingia kwa kitabu cha zamu, yule wa jioni hajui kuna AC inavuja, na ndio maana uliambiwa "fundi anakuja" mara tatu na watu watatu tofauti. Siku ingine ukiwa bado huko, ita meneja wa zamu, mwambie aandike ukiona, halafu umtumie ujumbe uko na saa.

Usidai 148,000 yote, mlilala na mlikula, hakuna mtu atakusikiza. Uliza bei ya chumba cha nyuma na cha bahari kwa wiki hiyo hiyo, dai tofauti mara siku nne, ongeza fidia ya zile siku mbili za AC. Wape siku 14. Wakinyamaza peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, hao ndio wanatoa leseni za hoteli na za maejenti pia. Na kama bado, kuna mahakama ya madai madogo, pale Milimani ilianza 2021, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na ya kulipwa ukipata hasara, kwa hivyo usiingie ukiomba msamaha.

Sasa hiyo ya resident. Dada, hii inaniuma kwa sababu nimeiona nikiwa upande ule mwingine wa kaunta. Kuna wafanyakazi wameingizwa kichwani kwamba mgeni wa kweli ni yule wa ndege, na Mkenya amepewa bei ya huruma. Si kweli hata kidogo. Ile bei iliwekwa kwa sababu wanatuhitaji. 2014 Uingereza ilipotoa tahadhari ya usafiri na watalii wakarudishwa kwao na ndege, hoteli za Pwani zilifunga milango na watu wakapoteza kazi. 2020 corona ikaja, anga ikafungwa, na hoteli zilipofunguliwa tena ni familia kama yako, za Donholm na Thika na Nakuru, ndizo zililala kwa vile vitanda. Unalipa VAT ya asilimia 16 kama mgeni yeyote, na samaki wa bafe ni wa kila mtu amelipia fulbodi. Kwa hivyo hili andika kwa aya yake peke yake, taja siku, saa, meza mlikokaa na maneno weita alisema. Hata kama halitakuletea shilingi, meneja mwenye akili ataogopa hiyo aya kuliko ile ya chumba.

Mzee mwelewe, wanaume wengi wakiwa safarini na watoto wanataka tu amani, na hapo hakukosea. Lakini pesa ilikuwa ya chama chako, na mwaka mzima wa kujinyima uliupitia wewe. Mwambie hutapiga kelele, utaandika tu barua. Nitumie nakala ya ile vocha ukiipata, nikuonyeshe ni sentensi gani ya kunukuu kwanza.