Mkuu, usiaplai subdivisheni kwenye hilo dele

Acha hapo hapo ulipo, usibofye kitu. Umeuliza mambo manne: kama laptop ya RAM ya GB 8 inatosha, kama ubaki na Blender, ile programu ya bure ya kuunda maumbo ya 3D, au ununue programu ya kulipia, rangi ya shaba inapatikanaje, halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukasema video unayoifuata inataka upandishe subdivisheni (ugawaji wa nyuso unaolainisha umbo) hadi ngazi ya 4, uiaplai (uifanye ya kudumu), ndipo uunganishe mkono na mdomo wa dele. Hilo la mwisho ndilo limenifanya niache chai ipoe. Nililifanya mimi hatua kwa hatua, tena kwenye dele la kahawa kama hilo lako.

Nilipewa kazi na mfanyabiashara wa kahawa. Alitaka dele la shaba linalozunguka taratibu kwenye tangazo, basi. Nilianza vizuri: silinda ya pande 8, nikavuta tumbo, nikabana shingo, jumla nyuso 150, yaani vipande bapa vinavyounda umbo, na zote za pembe nne. Nikaweka modifaya ya subdivisheni (modifaya ni badiliko linalokaa juu ya modeli bila kuigusa yenyewe), ngazi ya 4. Aisee, lilivyong'aa! Mwalimu wa kwenye video akasema sasa aplai ili modeli iwe halisi. Nikaaplai. Nikatoboa tundu la mdomo, nikachomeka mkono, nikahifadhi juu ya faili lile lile.

Sasa piga hesabu na mimi. Kila ngazi inaugawa uso wa pembe nne kuwa nyuso nne. Kwa hiyo 150 zikawa 600, zikawa 2,400, zikawa 9,600, zikaishia 38,400. Duara la shingo lililokuwa na nukta 8 likawa na nukta 128, na kila palipokuwa na nafasi kati ya duara moja na jingine pakazaliwa maduara 15 mapya.

Kesho yake mteja akapiga simu: "Shingo nene mno, kijana. Na tumbo lishuke kidogo, madele yetu hayakai hivyo." Alikuwa na haki kabisa. Na kama ningekuwa bado na silinda yangu ya pande 8, ningeshika duara moja, nikabonyeza S ya kubadili ukubwa, nikasogeza kipanya kidogo, nikamjibu akiwa bado yuko kwenye simu. Badala yake nilikaa usiku tatu. Nilitumia ile zana ya kuvuta nukta pamoja na majirani zake. Ukilitazama dele likiwa la kijivu, unasema limekaa. Ukiweka shaba na taa, mstari wa mwanga unaoteremka shingoni unayumba, unakatika, unarudi, kama dele limegongwa na bodaboda. Nikilainisha bonde hapa, linahamia pale. Udongo ungeficha, mbao ingeficha, shaba inayong'aa haifichi kitu.

Utaniuliza kwa nini sikutumia amri ya kurudisha ugawaji nyuma. Niliitumia. Inafanya kazi pale meshi (wavu wa nukta na nyuso) inapokuwa bado na mpangilio wake safi wa pembe nne, na mimi nilikuwa nimeshatoboa tundu na kushona mkono juu ya zile nyuso 38,400. Ilinirudishia pembetatu zilizopindana. Mwisho nilifuta kila kitu nikaanza upya, na jioni moja ilitosha. Lakini tarehe ya tangazo ilikuwa imeshapita. Nililipwa nusu, na mteja yule hakunipigia tena.

Mwalimu yule bado ananikera hadi leo. Anafundisha maelfu ya vijana, na kwenye video yake hakuna mteja, hakuna marekebisho, modeli inaisha pale anapoimaliza yeye. Sababu aliyotoa, kwamba lazima uaplai ili upeleke modeli kwenye injini ya gemu, si kweli. Unaposafirisha faili kwa FBX, aina ya faili la kuhamishia modeli, kuna kisanduku cha kuaplai modifaya, na kinafanya hivyo kwenye nakala inayotoka. Faili lako linabaki kama lilivyo. Hakusema hilo, na mtu anayejifunza peke yake usiku hana wa kumuuliza.

Elewa kwanza unachokishika. Njia hii waliitoa Edwin Catmull na Jim Clark mwaka 1978, na kiini chake ni wastani. Katikati ya kila uso inawekwa nukta mpya, kwenye kila ukingo nyingine, na nukta zako za zamani zinavutwa kuelekea majirani zao. Ndiyo maana boksi linakuwa karibu mpira, na ndiyo maana umbo laini linakaa ndani ya kile kizimba, yaani lile umbo la nyuso chache ulilochora. Kizimba ndicho usukani. Nukta zake zikiwa chache, kila moja inaongoza eneo kubwa, na ulaini unakuja wenyewe. Ukiaplai, umevunja kizimba, na sasa ulaini ni kazi ya mkono wako, nukta kwa nukta.

Kwa hiyo kanuni ni hii moja: modifaya ibaki hai mpaka pesa iingie. Ngazi ya 1 au 2 unapofanya kazi, ya 3 unapotoa picha. (Hapo na RAM yako utakuwa umejibiwa: kwa ngazi hizo GB 8 inatosha.)

Mdomo na mkono utaviunganisha kwenye kizimba hicho hicho, na si vigumu. Chukua nyuso nne zinazokutana kwenye nukta moja, mbili kwa mbili. Ukizihesabu pembezoni utapata kingo 8. Ziingize ndani kidogo (inset), pindisha zile kingo ziwe duara, futa nyuso za katikati, kisha vuta mdomo nje ukiwa na pande 8. Kila kona ya hilo eneo itabaki na nukta inayokutanisha kingo tano. Hizo zisogeze mbali na mahali mwanga unapopiga moja kwa moja, kwa sababu ndipo ngozi ya modeli inapojikunja. Ukitaka ukingo wa mfuniko uwe mkali, Ctrl+R, ongeza duara jembamba karibu na ukingo. Shift+E nayo inakaza ukingo bila kuongeza nyuso, ila kwenye shaba mimi napenda duara, linaacha kaukingo ka mwanga kanakofanya chuma kionekane chuma. Na kama unatumia modifaya ya kioo (inayonakili nusu moja ya dele kuwa nusu ya pili), iwe juu ya subdivisheni kwenye orodha, la sivyo utaona mshono katikati ya tumbo.

Kama ulishaaplai na bado hujafunga programu, piga Ctrl+Z sasa hivi, kabla hujanijibu. Ukimaliza, weka hapa picha ya kizimba kitupu, subdivisheni ikiwa imezimwa, mdomo ukitazama upande. Nataka kuzihesabu nyuso zake kabla hujagusa huo mkono.